Ndama Mwekundu wa Bi Marit

Rhotia, Karatu
14 Januari 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Habari za Enguserosambu? Mama mdogo Eunike je, kile kifua kimeachia? Huku hatujambo. Mvua imezidi, tope limefika mlangoni. Baba ameshapanda mahindi, na tembo wa msituni wameshapita shambani kuonja. Walikula wakaenda zao, hata asante hawakusema. Goti la Mama linapiga kelele asubuhi, mchana linanyamaza.

Najua ukiona nimeandika "dhumuni la barua hii" utaichana. Ulitufundisha kwamba barua ni mgeni: inasalimu, inakaa, inapewa maji, ndipo inasema kilichoileta. Basi mimi nimeshakunywa maji. Nasema.

Baba mdogo, nimepata ufadhili!

Unakumbuka shahada yangu ya uzamili ya kompyuta, ile ninayoisoma kwa mtandao na chuo cha ng'ambo. Nimekuwa nachukua somo mojamoja kwa mshahara wa mapokezi pale loji, na mwaka jana nilikuwa nimeanza kujiambia kwamba si lazima kila mtu amalize. Sasa kampuni moja ya huko, inayotengeneza programu za mabenki, imechagua wanafunzi wachache wa mtandaoni na kuwalipia ada hadi mwisho. Mimi ni mmoja wao. Sharti ni kwamba kila muhula nifaulu na nisikose mtihani hata mmoja. Nikikosa, ufadhili unasimama.

Baba aliposikia alitoka nje, akazunguka zizi, akarudi macho mekundu akisema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa. Jumapili tukatoa shukrani kanisani.

Kampuni imenipa na mlezi wa masomo, mhandisi wao anaitwa Bi Marit. Kila baada ya wiki mbili ananiandikia kuuliza naendeleaje. Ni mtu mwema hasa, na hapo ndipo ninapokwama. Nimesema asante mpaka neno limeisha utamu. Baba anataka tumpelekee gunia la maharage. Nilipomuuliza Bi Marit, akasema sheria ya kampuni haiwaruhusu kupokea zawadi. Sasa mtu asiyepokea zawadi unamshukuruje? Nifundishe, wewe ndiye mwalimu.

Nampa barua hii konda wa basi la Loliondo. Ameapa haitakaa chini ya kiti kama ile ya Krismasi.

Mwanao,
Laurencia


Shule ya Msingi, Enguserosambu
11 Februari 2024

Mwanangu Laurencia,

Marahaba. Barua imefika, na konda wako mwongo, ina alama ya kiatu. Mama yako mdogo kifua kimepona, sasa anakitumia kunigombeza. Wasalimie kaka yangu na shemeji. Mwambie kaka moshi wa namna hiyo hata huku ulinifikia, na mimi pia jiko lilikuwa halijawashwa. Nimesoma ile mistari mbele ya walimu wenzangu mara mbili. Mara ya pili hawakuniomba.

Hongera, mwanangu. Mungu awabariki hao watu wasiotujua.

Sasa swali lako. Rafiki yangu Senteu unamfahamu kwa jina, mwenyekiti wa kamati ya shule. Nilipohamia hapa, kijana wa Kiiraqw katikati ya Wamasai, nilidhani hawatanipenda, maana mababu zetu na wao walivyoibiana ng'ombe hakuna asiyejua. Senteu akanipa ndama jike. Nikamuuliza nimlipe nini. Akacheka sana. Kwao ukipewa ndama hulipi, bali jina linabadilika. Tangu siku ile yeye hajaniita Hilary, wala mimi sijamwita Senteu. Tunaitana Paashe, yaani mtu wangu wa ndama. Hata tukigombana kwenye kikao tunagombana kwa jina hilo, na ugomvi haufiki mbali.

Nimemsimulia habari ya Bi Marit. Akaniambia huyo mama ameshatoa ndama, kilichobaki ni jina. Basi nikaenda zizini. Katika uzao wa yule ndama wa kwanza yupo mdogo mmoja, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Nimemtenga. Kuanzia leo ni wa Bi Marit. Mwambie hivyo. Kama kampuni inakataza kupokea, amepokea nini? Ndama yuko zizini kwangu, anakula nyasi za Enguserosambu. Yeye anachopata ni kuulizia habari zake tu.

Baba yako mdogo,
Hilary


Rhotia
12 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za masika huko? Huku barabara ya kushuka mjini imekuwa mto.

Kwanza nikwambie, mwezi wa tatu nilimwandikia Bi Marit habari za ndama. Alicheka mpaka akawaita wenzake wa ofisini. Wakaenda kuuliza kwa wakubwa, wakubwa wakajibu kwamba anaweza kuwa na ng'ombe Tanzania ili mradi ng'ombe asije ofisini. Tangu hapo barua pepe zake zinaanza "Paashe mpendwa". Ameomba picha.

Bibi Martha amefariki. Yule jirani yetu wa juu kidogo, aliyekuwa akitupa viazi vya kuchoma tukitoka shule. Tulikaa msibani mpaka matanga yakaisha. Mimi na Antonia binti yake tulikuwa jikoni muda wote, kuni mbichi, sufuria za kuazima, watu kutoka Mang'ola wamekuja na magunia ya vitunguu. Amezikwa vizuri. Mvua ilisimama padre alipoanza kusali, ikarudi tulipomaliza kufukia.

Wageni ni wachache pale loji. Goti la Mama linaendelea. Emmanueli wa binamu Joseph ameanza darasa la kwanza, na tayari amempiga mtu.

Masomo yanaendelea.

Laurencia


Enguserosambu
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Poleni na msiba. Bibi Martha alikuwa akinipa na mimi viazi, kwa hiyo usidhani mlikuwa wapenzi wake peke yenu. Mpe pole Antonia. Huku tumeanza kuona jua, na ndama wa Bi Marit ananenepa. Picha ataipata simu yangu ikikubali.

Nilipomaliza barua yako nilichukua kalamu nyekundu. Si kwa makosa. Nilikuwa natafuta neno "mtihani", kwa sababu Januari uliniambia kila muhula una mtihani, na muhula wenu huisha mwezi wa nne. Halipo. Habari za kila mtu zipo, hata mtoto wa Joseph na ngumi zake, lakini za masomo umeniandikia maneno mawili, tena hayasemi kitu. Mimi nimesahihisha insha tangu hujazaliwa. Mwanafunzi akiandika sana kuhusu mazishi, kuna mahali hataki niangalie.

Sikulazimishi. Ila nilikwenda kwa Senteu, nikamuuliza kwao ndama uliyepewa akifa inakuwaje. Akasema ni wewe unayekwenda kwa aliyekupa, kabla habari haijamfikia kwa miguu ya wengine. Unamweleza alivyokufa. Hutozwi faini, hutukanwi. Mnakunywa chai na mnaendelea kuitana Paashe. Kinachoua jina ni kumwacha mwenzako akimuulizia ndama ambaye wewe unajua hayupo.

Kisha akanituma kwako, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Mwambie binti yako, mtu hakupi ndama ili umrudishie ng'ombe. Anakupa ili awe na kitu cha kukuulizia."

Basi. Mama yako mdogo anakusalimu.

Hilary


Rhotia
4 Agosti 2024

Baba mdogo wangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti.

Barua yako ya Juni nimeipata katikati ya Julai. Basi liliharibika njiani likalala huko, na konda akabaki na barua mfukoni. Nilikuwa na muda hadi mwisho wa Juni kujieleza kwa kampuni, na siku ilikuwa imeshapita. Nimelia kwanza, nikala, nikalia tena.

Ni kweli, nilikosa mtihani. Chuo hutoa siku kadhaa, unachagua mwenyewe siku ya kuufanya, unakaa mbele ya kamera wanakuangalia. Siku zile ndizo za msiba wa Bibi Martha. Baba mdogo, ningefungaje mlango nikae na kompyuta, jirani amelazwa sebuleni kwake hatua chache kutoka kwetu? Nani angekula viazi vya yule mama halafu akose kumpikia waombolezaji wake? Nikasema nitaufanya siku ya mwisho. Siku ya mwisho umeme ukakatika wilaya nzima, na jenereta la loji likafa nikiwa katikati ya mtihani.

Bi Marit aliniuliza kulikoni. Nikanyamaza. Kampuni ikatuma fomu ya udhuru. Fomu inauliza marehemu ni nani wako, na kuna visanduku vinne: mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu. Ningeweka alama kwenye "ndugu" mambo yangekwisha siku hiyohiyo. Lakini ningemdanganya mtu anayeniita Paashe. Na kusema kweli, kwamba ni jirani tu, niliona watacheka. Mtu ameshakupa, unamrudia tena na visingizio? Nikaona aibu, nikaiacha fomu bila kuijaza.

Barua yako ilipofika nikaandika siku ileile, japo nimechelewa. Nikamwambia: Paashe, ndama uliyenipa ameumia, na ni mimi niliyekuwa namchunga. Nikaeleza viazi, kuni mbichi, jenereta, vyote. Nikasema marehemu hakuwa ndugu yangu, alikuwa jirani, na kwetu hiyo inatosha.

Alinipigia simu kesho yake. Alisema alidhani nimeacha masomo, na kwamba kilichomuuma ni kimya changu kuliko mtihani wenyewe. Akaenda kunitetea. Hawakukata ufadhili. Wameusimamisha muhula mmoja, Januari nitarudia lile somo na kuendelea, nao watalipa kama mwanzo.

Nakushukuru wewe, namshukuru Senteu, namshukuru Bi Marit, na konda naye nimemsamehe. Bi Marit ameniuliza, ndama hajambo? Picha!

Laurencia


Enguserosambu
20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumemshukuru Mungu. Nimemwambia Senteu, naye amejidai kama yeye ndiye mwenye chuo.

Darasa la saba wamemaliza mitihani. Sinyati, binti wa Senteu, ndiye ninayemtegemea mwaka huu. Mama yako mdogo ameanzisha bustani ya mchicha, mbuzi wa mwalimu mkuu wamemsaidia kuimaliza. Mvua za vuli zinatishia tu. Bati la ofisi limeezuliwa na upepo. Kule Loliondo mnada umepungua watu. Redio yangu imekufa. Salamu kwa wote.

Hilary


Rhotia
9 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole na redio. Nimerudi darasani, na lile somo la mtihani nilioukosa safari hii naliona jepesi, labda kwa sababu sina uzito mwingine. Baba amefunga waya wa mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, tembo wanapita mbali wakinung'unika.

Mradi wangu wa mwisho umeshapitishwa. Ni programu ya kumhifadhia mwanafunzi mtihani wake umeme unapokatika, mtandao ukirudi inautuma yenyewe. Unajua nilikoutoa. Mwezi wa nane nitauonyesha mbele ya wakubwa wa kampuni, na Bi Marit anataka siku hiyo aonyeshe picha ya ndama wake kwanza, maana ofisi nzima wanamuulizia. Lazima sasa awe mtamba, si ndama tena. Doa bado lipo?

Laurencia


Enguserosambu
6 Aprili 2025

Mwanangu Laurencia,

Marahaba. Simu yangu imepasuka kioo, picha hazitoki. Tena mifugo mingi imepelekwa mbali kutafuta malisho. Sinyati alifaulu, sasa yuko sekondari. Mchicha umeota upya. Kazana na masomo, hayo mengine madogo yasikusumbue.

Hilary


Rhotia
4 Mei 2025

Baba mdogo,

Shikamoo.

Nimechukua kalamu nyekundu. Nimesoma barua zako mbili za mwisho. Habari za kila mtu zipo, hata za mchicha.

Nakupenda sana.

Laurencia


Enguserosambu
1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ni fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia, na imeniweka macho chini kuliko zote.

Ndama alikufa. Alikufa Septemba, kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ilikuwa zamu yetu ya kuogesha ng'ombe joshoni, nami nikasema nitampeleka wiki inayofuata kwa sababu ya mitihani ya darasa la saba. Wiki inayofuata alikuwa hasimami. Nilimwita mtaalamu wa mifugo kutoka Wasso, alikuta ameshalala. Mama yako mdogo alimfunika kwa kanga yake.

Ningekuambiaje? Wewe ndiyo kwanza umenyanyuka. Niliona nikisema ndama wa Bi Marit amekufa, utaona ni alama mbaya, na yeye naye ataona watu wa kwetu hawatunzi wanachopewa. Nikasema nitanyamaza hadi umalize. Kumbe nilikuwa nimekaa palepale ulipokuwa umekaa wewe, na fomu mkononi.

Mwezi wa nne nilikwenda kwa Senteu kumwomba ndama mwingine mwekundu mwenye doa, ili nipige picha. Hakukasirika. Alimimina chai, akanitazama, akasema, "Paashe, ile barua uliyomwandikia binti yako, wewe mwenyewe uliisoma?"

 Nilikunywa chai ikanibabua ulimi. Hata hapo bado sikukuandikia kweli, nilikuandikia habari za kioo cha simu. Kioo ni kizima.

Mwambie Bi Marit. Mwambie ni mimi, si wewe. Na usimwambie nimempatia mwingine, maana sijampatia. Yule alikuwa wake.

Hilary


Rhotia
17 Agosti 2025

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Kwanza kaa. Mama mdogo naye akae.

Nimemaliza! Alhamisi nimeonyesha mradi wangu, na wameupitisha wote. Loji walinipa chumba cha mikutano na jenereta jipya, Baba akavaa koti la harusi yake akakaa pembeni nje ya kamera, mikono magotini, kama yuko kanisani. Haelewi Kiingereza, lakini kila nilipomaliza sentensi alikuwa anatikisa kichwa kuunga mkono.

Habari ya ndama sikuiandika kwenye barua pepe. Niliona ni habari ya kusemwa uso kwa uso, na uso nilionao ni wa kwenye kompyuta. Kabla sijaanza, Bi Marit akauliza mbele ya wakubwa wote, "Paashe, ndama wangu hajambo?"

Nikamwambia. Ndigana, josho, mitihani ya watoto, kanga ya Mama mdogo. Nikasema baba yangu mdogo alishindwa kusema, na sababu yake ni ileile iliyonishinda mimi mwaka jana.  

Kisha Bi Marit akauliza neno moja tu, Baba mdogo. Hakuuliza kama kuna mwingine. Aliuliza, "Na baba yako mdogo, siku hizi analala vizuri?"

Mwambie Senteu hivyo. Mwambie kuna mzungu mmoja kwenye baridi ya huko ameyaelewa maneno yake bila kufundishwa.

Tulipomaliza, Bi Marit aliniambia nibaki kidogo. Wamechagua wanafunzi wapya wa ufadhili, wa nchi nyingi, na alitaka nione karatasi watakazopewa. Nikafungua moja baada ya nyingine mpaka nikafika kwenye ile fomu ya udhuru. Nikaisoma, nikamwita Baba aje mbele ya kamera, nikamtafsiria. Akaomba nimsomee tena. Jioni akapanda hadi kwa marehemu Bibi Martha kumpa Antonia habari, akakaa huko mpaka chai ikaandaliwa.

Jumatatu napanda basi la Loliondo, nakuja kuwasalimu. Barua hii namtanguliza nayo konda, lakini najua nitafika kabla yake, kwa hiyo nakuandikia tu kwa heshima, ulivyonifundisha.

Chini ya mzazi, mwenzi, mtoto na ndugu, wameongeza kisanduku cha tano. Kimeandikwa: jirani.

Mwanao,
Laurencia